Mwaka Nilipomkata Mpiga Besi

Walisema sitamaliza chuo, nikamaliza. Walisema mtu anayeosha vyombo kwenye mahoteli ya Waingereza mchana na kusoma jioni atarudi na mikono iliyochubuka na koti la baridi, basi. Nikarudi na diploma ya elektroniki yenye mhuri mwekundu, kompyuta mbili, na pleya ya santuri niliyoifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Nauli nililipa mwenyewe, karo nililipa mwenyewe, na hakuna ofisi wala mjomba anayeweza kusema alinisaidia. Nilipotangaza kwamba nitaziingiza santuri za mji wa Arusha kwenye kompyuta na kuzitoa kwenye CD, muuza magunia mmoja aliniambia mbele ya watu, kwenye mgahawa wa karibu na Soko Kuu nilikokunywa chai kila asubuhi, "Wewe Ulaya, hiyo ni sawa na kukamulia ng'ombe kwenye bahasha." Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chapati. Waliniita Ulaya, kana kwamba sikuwa na jina. Jina langu ni Anaeli, na kazi hiyo niliifanya.

Ninalieleza hili sasa kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Loishiye, fundi redio, kwao Oldonyo Sambu. Upepo wa upande ule wa mlima ulikuwa unalitikisa turubai, vumbi linaingia kwenye viti vya plastiki, na kijana mmoja mwenye suti akasimama kusoma historia ya marehemu. Alisoma vizuri tu, kuzaliwa, kubatizwa, kuoa, mpaka alipofika mahali akasema kwamba marehemu ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza hapa Arusha kuunganisha pleya ya santuri na kompyuta. Nilinyanyuka nusu, nikakaa. Niliikunja ratiba ya ibada mpaka ikawa ndogo kama kibiriti. Mama aliyekaa pembeni yangu alidhani nimezidiwa na huzuni, akanipa kitambaa chake. Nina umri wa miaka zaidi ya sitini, nina maduka matatu ya vifaa vya umeme na nyumba yenye ghorofa, na nilikuwa nimekaa pale nikimwonea wivu mtu aliye ndani ya jeneza. Wa kwanza kuunganisha ni mimi. Wa kwanza kuunganisha ikasikika sawasawa ni habari nyingine, na habari hiyo ndiyo mwaka wenyewe.

Nilipanga vyumba viwili Themi, nyuma ya mashine ya kusaga unga. Kimoja kilikuwa cha kulala, kingine nilikiita studio na nikaweka ubao mlangoni uliotaja diploma yangu kwa herufi kubwa kuliko neno studio. Ilikuwa ile miaka biashara ilipoachiwa huru. Maduka ambayo nilipoondoka yalikuwa na sabuni ya aina moja na foleni ndefu, sasa yalikuwa yamejaa redio kaseti kutoka Dubai, na watu walikuwa wanaona aibu kuwa na kitu cha zamani. Santuri zilikuwa zinatupwa. Nilimkuta mama mmoja amefunikia mtungi wa maji kwa santuri, na nyumba nyingine walikuwa wamezilainisha kwa maji ya moto wakazikunja zikawa mabakuli ya karanga. Nikapata wazo ambalo mpaka leo naona lilikuwa zuri. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu waniazime santuri zao, na kila santuri nitairudisha pamoja na CD yake, bure, ili wenye masikio wasikie kazi yangu na wenye fedha waje baadaye. Watu tisa walikubali. Nilikuwa na santuri thelathini na moja, nimezisimamisha kwenye kreti la soda, na kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa penseli.

Kazi yenyewe ilipangwa na tumbo la msaga unga. Mashine yake ikianza kunguruma, taa zilififia, pleya ikapunguza mwendo, na mwimbaji kijana akageuka mzee katikati ya ubeti. Kwa hiyo nilirekodi alfajiri kabla hajafungua, halafu nikasubiri saa saba mchana alipozima mashine ale ugali wake. Nilikuwa namsikia kupitia ukutani akimwambia mteja, "Ngoja nimeze tonge, dada, mahindi yako hayatakimbia," nami ninaruka kuweka sindano. Nilikuwa nimechomeka pini za pleya, nyekundu na nyeupe, moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni nyuma ya kompyuta. Pleya ilikuwa pia na waya wa tatu, mwembamba, usio na pini, na kwa kuwa kompyuta haikuwa na mahali pa kuuweka, niliukata kwa mkasi wa kucha. Sauti iliingia. Naomba msomaji aelewe kwamba iliingia. Mawimbi ya kijani yalipanda na kushuka kwenye skrini, na mimi nilisimama katikati ya chumba nikapiga makofi peke yangu.

Sasa Loishiye. Alikuwa na kibanda cha mabati Kaloleni, na elimu yake ilikuwa darasa la saba. Kabla hajafungua redio ya mtu alikuwa anailaza mezani, anaweka sikio juu yake na kufumba macho, na kwa sababu hiyo mji mzima ulimwita Dokta. Hilo ndilo lililoniuma kwanza, kabla ya mengine yote. Mimi nilikuwa na karatasi yenye mhuri naitwa Ulaya, na yeye aliyejifunza kuyeyusha risasi ya kuungia nyaya kwa msumari uliotiwa moto anaitwa Dokta. Kibanda chake hakikukosa watu. Wanawake walileta redio zimefungwa kwenye kanga, wanasimama mlangoni wanauliza, "Dokta, mgonjwa wangu ameamkaje?" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Uji amekunywa, ila bado anakohoa. Njoo Alhamisi." Nilikuwa nikipita pale kwa kisingizio cha kununua betri. Ukweli ni kwamba nilikuwa naenda kuhesabu watu.

Na alikuwepo Zuhura, mwalimu wa shule ya msingi ya jirani, ambaye saa ya mapumziko alikuwa analeta chapati za mama yake kwenye hotipoti kuwauzia mafundi. Siku moja alinigeukia mbele ya wote akasema, "Anaeli, wewe umesoma. Hebu niambie, kwa nini redio ikipigwa kofi inapona?" Nilifurahi mno kuulizwa. Nilimweleza habari za viungo vilivyolegea, kutu, na mtikisiko unavyorudisha mguso wa waya, nikatumia mfano wa daraja na mfano wa bomba la maji, na nadhani nilichukua robo saa. Nilipomaliza, Loishiye akapuliza vumbi kwenye redio aliyoishika akasema, "Inaogopa la pili." Zuhura alicheka mpaka akashika ukuta. Nilirudi Themi kwa miguu nikitunga majibu mafupi ya kuchekesha, na hata moja halikunijia. Loishiye alikuwa na mke na watoto wanne Oldonyo Sambu, na Zuhura baadaye aliolewa na mhasibu wa Moshi ambaye hakuna kati yetu aliyemfahamu. Lakini wivu wangu mwaka ule haukuhitaji sababu iliyonyooka. Nilimwonea wivu kwa kicheko kile, kwa chapati aliyokatiwa kubwa kuliko yangu, na hata kwa jinsi alivyokuwa anasahau penseli sikioni.

Mama yake Zuhura, Bi Mwanaidi, alikuwa wa tisa kuniazima, na aliniazima santuri moja tu. Aliitoa kwenye foronya. Marehemu mumewe, Mzee Shabani, alikuwa mpiga gitaa la besi kwenye bendi moja ya dansi hapa mjini, na siku moja bendi ile ilikwenda kurekodi nyimbo mbili, moja kila upande. "Gitaa aliliuza mwaka tuliokosa unga," Bi Mwanaidi aliniambia. "Picha zililiwa na mchwa. Yeye mwenyewe kabakia humu. Na sijamsikia tangu pleya yetu ife, sindano zikakosekana." Aliishika ile santuri kwa viganja, kama sahani iliyojaa mchuzi, mpaka nilipoipokea. Nilimwambia, "Mama, utamsikia kuliko alivyokuwa hai." Maneno yangu ni hayo, sikuyapunguza wala kuyaongeza.

Santuri yake ndiyo niliyoifanyia kazi kwa makini kuliko zote, na humo ndimo nilimoharibu zaidi. Katika rekodi zangu kulikuwa na mvumo, ule mlio wa chini unaoendelea kama nyuki aliyenaswa kwenye debe. Wengine niliwaachia na mvumo wao kidogo, lakini huyu alikuwa mama yake Zuhura. Kwenye skrini mvumo ulionekana kama kamba nene imelala chini ya mawimbi, na programu yangu ilikuwa na kitufe cha kukata sauti zote za chini. Nikakata. Ule mvumo ukaisha kabisa. Sauti iliyobaki ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa safi kama glasi, na nilijipongeza kwa soda. Baada ya hapo nikaona niwafanyie hisani na wengine. Nikazikata rekodi zote thelathini na moja, nikaandika CD, na juu ya kila CD nikaandika jina langu na neno diploma. Wale wengine wanane niliwagawia CD zao, santuri nikabaki nazo kwanza.

Bi Mwanaidi alinikaribisha chakula cha mchana siku nilipompelekea. Kulikuwa na wali, maharage ya nazi, na kachumbari iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, na Zuhura alikuwa ameazima redio ya CD kwa mwalimu mwenzake akaiweka kwenye stuli, juu yake kitambaa cha kufuma. Tulikula kwanza. Mama alikula kidogo. Aliponawa mikono alijifuta polepole, kidole kimoja kimoja, akasema, "Bismillahi. Washa."

Tarumbeta ziliingia, kisha mwimbaji. Zilikuwa safi. Bi Mwanaidi alikuwa ameinamisha kichwa, kidole cha shahada kimekaa juu ya goti kikisubiri kitu cha kukifuata. Wimbo ukaisha, kidole hakijasogea.

"Mwanangu," akasema, "huyu mwimbaji namjua, na hawa wa tarumbeta nawajua, mmoja alikuwa anakula hapa. Baba Zuhura yuko wapi?"

"Yumo, Mama. Yuko nyuma."

"Hakuwahi kukaa nyuma. Rudia."

Nilirudia. Safari hii aliinuka kutoka kwenye mkeka, akaenda kuweka sikio kwenye spika, akafumba macho, kama afanyavyo mtu mwingine niliyemfahamu. Wimbo ukaisha tena. "Hayumo," akasema.

Ningeweza kusema sijui. Maneno hayo ni mafupi, na Loishiye alikuwa anayasema mara kumi kwa siku bila kupungukiwa na kitu. Mimi nilisema, "Mama, santuri imechakaa. Sauti za chini ndizo hutangulia kufa. Ni mambo ya kisayansi." Nilisema kwa sauti ya diploma, nikiamini kila neno huku nikilitunga. Bi Mwanaidi aliitoa santuri mkononi mwangu, akairudisha kwenye foronya.

"Kwa hiyo na humu pia amekufa," akasema. Akamwambia Zuhura anifungashie wali uliobaki.

Siku chache baadaye nilikuwa nakatiza Kaloleni nikaisikia besi. Niliisikia kwenye nyayo kabla haijafika masikioni, maana besi hutembea chini. Ilikuwa inatoka kwenye kibanda cha Loishiye, na nilipokaribia niliufahamu wimbo, kwa sababu nilikuwa nimeusikiliza mara zisizopungua hamsini, ila sikuwa nimewahi kuusikia. Chini ya zile tarumbeta kulikuwa na mtu mzima anatembea. Alikuwa anatembea taratibu, anasimama, anageuka, anawasubiri wengine. Bi Mwanaidi alikuwa amempelekea Loishiye santuri ile na swali moja tu, kama kweli imechakaa, naye akaijaribu kwenye radiogramu kubwa ya mbao yenye pleya ndani, ambayo mkulima mmoja wa Kisongo alikuwa ameileta kutengenezwa. Mafundi wa vibanda vya jirani walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja akasema, "Dokta, huyu jamaa anapiga besi au anachimba msingi?" Loishiye aliniona kwa juu ya mabega yao. "Anaeli! Njoo usikie!" Aliniita kwa jina langu, jambo ambalo watu wachache walilifanya. Nilimpungia mkono kama mtu mwenye haraka, nikaenda.

Wiki mbili zilizofuata nataka kuzieleza kwa ufupi kwa sababu hazinipi sifa. Nilifungua vitabu vyangu vya chuo. Vilikuwa vitabu vya dijitali, na waandishi wake walikuwa wameizika santuri zamani. Nilibadilisha sindano. Nilibadilisha kompyuta, nikaweka ile ya pili. Niliongeza sauti za chini kwa programu, nikapata mvumo peke yake, mnene kama gari la mchanga. Chakula kilikuwa maharage yaleyale ya juzi, na kila mara mashine ya unga ilipozimwa nilisikia ukimya ukinisubiri. Nilichokuwa naona mbele yangu muda wote si uso wa Bi Mwanaidi, na hilo ndilo la aibu. Nilikuwa naona sikio la Loishiye juu ya meza. Mtu mwingine ana bahati ya kuonea wivu mali, unaweza kuitafuta mali na ukaipata. Mimi nilionea wivu sikio.

Alikuja mwenyewe. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama na mzigo begani, umefungwa kwa shuka jekundu, na foronya ya Bi Mwanaidi kwapani. "Hodi," akasema, ingawa mlango ulikuwa tayari wazi. "Radiogramu ya watu imeshaondoka. Mimi sina mashine ya kutoa CD, wewe unayo. Nikasema nije tuone." Alifungua shuka. Ndani kulikuwa na amplifaya ya zamani, nzito, kutoka kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa. Nilimuuliza kama Bi Mwanaidi ameshausikia wimbo. "Hajausikia. Nimemwambia tu santuri ni nzima. Nikimpigia kibandani atasikia mara moja, aende nyumbani. Anamtaka nyumbani."

Alichungulia nyuma ya kompyuta, akafuata waya za pleya kwa vidole mpaka akafika kwenye kile kipande kilichokatwa.

"Huu umekatwa na nani?"

"Ulikatika."

"Na mkasi?"

Hakucheka, nami ningefurahi kama angenicheka, kwa sababu ningepata la kumchukia. Aliumenya ule waya kwa meno, akaunganishia kipande kingine, akauzungushia kwenye skrubu nyuma ya amplifaya, na ule mvumo ulionitesa miezi mitatu ukazimika kama koroboi. Pini za pleya akazichomeka kwenye tundu la amplifaya lililowekwa kwa ajili ya santuri tu, kisha kutoka kwenye tundu la kurekodia akaleta waya mpaka kwenye kompyuta yangu, si kwenye tundu la maikrofoni bali lile la pembeni yake. "Santuri hukatwa besi makusudi kiwandani," alisema akiwa amepiga magoti. "Besi yote ikiingia, sindano inaruka nje ya mfereji wake. Kwa hiyo wanaipunguza, na amplifaya ya santuri ina kazi ya kuirudisha. Ukiruka hapo unapata mbu."

"Umejuaje?"

"Nilikosea zamani. Niliunga pleya ya bwana mmoja kwenye tundu ambalo silo, wiki nzima inatoa mbu. Nikamwambia spika zake mbovu, akanunua nyingine. Mbu wakazidi." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Aliponifukuza ndipo nikaanza kufikiri."

Msaga unga alizima mashine. Tukaweka sindano. Kwenye skrini, mahali palepale pa kamba niliyokuwa nimeikata, yalitokea mawimbi manene, ya duara, yanayopumua. Loishiye aliweka kidole juu ya kioo. "Hiki kinono ndicho yeye?"

"Ndiye."

"Na hiki ndicho ulikikata?"

"Nilidhani ni mvumo."

"Alikuwa anavuma kweli, mzee yule," akasema, na hapo tulicheka wote wawili, na nilipokuwa nacheka bado nilikuwa namwonea wivu. Aliniachia amplifaya. "Nakuazima. Ukimaliza zote utanirudishia." Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilimwahidi kumtaja kwenye CD. Nadhani alisema haina haja, au sikusema vya kutosha mpaka akasikia. Nasema sikumbuki, na hapo ndipo mtu anapojua kwamba anakumbuka.

Nilimpelekea Bi Mwanaidi CD mpya siku ileile, nikiwa nimevaa shati la kwendea kanisani. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba santuri yake haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Hakunyoosha mkono kuipokea.

"Wewe umewaambia wangapi kwamba santuri zao zimechakaa?"

"Waliouliza ni watatu, Mama. Lakini CD mbovu wanazo wote wanane."

"Basi anza na wao," akasema. "Mimi nimezoea kusubiri."

Nilirekodi upya santuri thelathini kwa milo ya mchana ya msaga unga, na kila siku nilimwombea mtu yule njaa. Kisha nikaanza kuzunguka. Ni rahisi kuliko watu wanavyodhani kuwaambia watu kwamba umefanikiwa, nimelifanya maisha yangu yote. Kupiga hodi, kukaribishwa chai, na kusema kwamba kazi uliyoiwekea jina lako ilikuwa mbovu, hilo nililifanya mara tisa mwaka huo, ukimhesabu Bi Mwanaidi, na sijalifanya tena. Muuza nyama mmoja alicheka, akaniambia alikuwa anatumia ile CD kufukuzia nzi. Wawili hawakuwa wamesikiliza kabisa. Mmoja aliipokea santuri yake kwanza, akaikagua pande zote, ndipo akanipa kiti.

Wa nane alikuwa Mzee Lazaro wa Kisongo, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, aliyeniazima santuri ya kwaya aliyoimbia akiwa kijana. Nilimkuta anapukuchua mahindi kwenye kivuli cha nyumba yake. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengine, maneno nilikuwa nimeyazoea sasa, na nilipofika kwenye habari ya sauti za chini kukosekana, mikono yake ilisimama.

"Sauti ya nne haikuwemo?"

"Haikuwemo, Mzee. Niliikata mimi."

"Nilidhani ni masikio yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyeimba sauti ya nne. Nikasema, ikiwa sijisikii hata mimi mwenyewe, basi nimekwisha. Kwaya nimemkabidhi kijana. Jumapili ya tatu hii siendi kuimbisha." Hakunikaripia. Aliingia ndani na CD, nikasikia redio, nikasikia wanaume wa zamani wakiimba kwa chini, kisha nikasikia mmoja zaidi akiimba pamoja nao. Niliiacha santuri kwenye kiti chake nikaondoka bila kuaga, kwa sababu sikujua angetoka na uso gani.

Nilitoka Kisongo moja kwa moja mpaka Themi, nikaichukua amplifaya ya Loishiye ili niirudishe jioni ileile, nikapitia kwanza kwa Bi Mwanaidi. Alikuwa anachambua mchele. "Wote?" akauliza.

"Wote, Mama. Na santuri zao."

"Wamesemaje?"

Nilimwambia kila mmoja alivyosema. Nilipomweleza habari ya Mzee Lazaro aliuweka ungo pembeni. Zuhura akaleta redio, bado ileile ya kuazima. Nilimrudishia Mama foronya yake na santuri ndani, akaipakata, akasema, "Washa."

Tarumbeta ziliingia, na chini yake Mzee Shabani akaanza kutembea. Bi Mwanaidi hakulia. Kidole chake juu ya goti kilianza kwenda naye, kikasimama aliposimama, kikageuka alipogeuka, bila kuchelewa hata mara moja. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi, hathubutu kujifuta. Tulikuwa tumepita katikati ya wimbo Mama alipopiga kofi gotini.

"Hapo! Hapo kakosea!"

"Wapi, Mama?" Zuhura akauliza.

"Hapo hapo! Kaingia kabla ya wenzake. Miaka yote tulibishana, anasema hakukosea, mimi nasikia vibaya. Rudisha, mwanangu, rudisha kidogo." Nilirudisha. Alinishika mkono. "Umesikia?"

Nilikuwa nimesikiliza kwa nguvu zangu zote. "Mama," nikasema, "mimi sijasikia kosa lolote."

"Wewe hutalisikia," akasema, akicheka, machozi sasa yanamtoka. "Kamwite Dokta. Huyo atalisikia."

Nikaibeba amplifaya begani na kwenda kumrudishia mwenyewe, ambaye ndiye alikuwa wa mwisho kati ya wote walioniazima. Nyuma yangu wimbo ulikuwa unaanza tena. Kibanda chake hakikuwa hata hatua mia mbili kutoka pale. Nilipita njia ndefu.